Shamba Limechoka: Miaka Sitini ya Mahindi Chotara na Mfuko wa DAP

Chagua shamba la Uasin Gishu au Trans Nzoia ambalo halijawahi kupumzika na mahindi tangu mababu wagawane vipande, kisha ng'oa mche mmoja wa wiki tano. Usiuvute kwa shina. Chimba kuuzunguka kwa jembe, utoe donge zima, ulioshe taratibu ndani ya ndoo ya maji mpaka mizizi ibaki peke yake. Mizizi yenye afya ni mirefu, myeupe, yenye vinyweleo vingi. Utakayoikuta mara nyingi ni mifupi na minene, ncha zake zimevimba na kugeuka kahawia, na badala ya kwenda chini imekata kona kwenye sentimita 12 au 15 ikaanza kutambaa ubavuni kama iliyogonga sakafu. Ukirudi juu utaona kingo za majani ya chini zimekuwa zambarau. Zambarau hiyo ni njaa ya fosforasi.

Ajabu ni kwamba fosforasi ipo. Mwenye shamba amepandia DAP, mbolea ya fosfeti na naitrojeni, mfuko mzima wa kilo 50 kwa ekari, kama mwaka jana na mwaka juzi. Mfuko huo una kilo 23 za fosfeti kwa hesabu inayoandikwa mfukoni, ambazo ni sawa na kilo 10 hivi za fosforasi yenyewe. Mavuno mazuri ya magunia 20 ya kilo 90 huondoka na kilo 5 au 6 tu. Kwa hesabu ya dukani mmea ulipaswa kushiba na kusaza, lakini unakufa njaa na sahani iko mbele yake.

Kuelewa kilichotokea inabidi turudi Kitale, mji wa Trans Nzoia. Mwaka 1955 ulianza pale mpango wa kuzalisha mbegu za mahindi chini ya mtafiti Michael Harrison. Mwaka 1961 ikatoka Kitale Synthetic II, mbegu iliyochujwa kutoka mahindi yaliyokuwa yakilimwa na walowezi wa nyanda za juu. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1950, yalikuwa yameletwa mahindi ya milimani kutoka Amerika ya Kusini, na aina moja iliyoitwa Ecuador 573 ndiyo iliyoleta mapinduzi. Ilipochavushwa na ile ya Kitale, watoto waliwazidi wazazi wote wawili kwa mbali. Mwaka 1964 mbegu hiyo chotara ikaingia sokoni kwa jina la H611, na wadogo zake wakafuata: H613, H622, H625, na ile H614 ambayo hadi leo ukiingia duka la pembejeo la Kitale au la Mbeya utaulizwa unataka kilo ngapi kabla hujamaliza kuitaja. Kusini, Zimbabwe ya leo ilikuwa imetangulia na SR52 mwaka 1960. Nyanda za juu kusini mwa Tanzania nazo zikapata mbegu za kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya.

Ilienea kama moto kwenye nyasi kavu. Watafiti waliopima kasi yake magharibi mwa Kenya waliona kwamba wakulima wadogo waliipokea haraka kuliko wakulima wa Marekani walivyozipokea mbegu chotara za kwao miaka ya 1930 na 1940. Naitaja kwa sababu bado kuna watu huandika kwamba mkulima mdogo wa Afrika ni mgumu wa kubadilika. Akionyeshwa gunia la pili mahali alipozoea kuvuna moja, habadiliki polepole.

Wakati huohuo Norman Borlaug alikuwa Mexico akifanya kazi ya ngano aliyoianza mwaka 1944, iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970, na Los Baños, Ufilipino, ulikuwa ukiandaliwa mpunga mfupi wa IR8 uliotoka mwaka 1966. Tofauti moja kati ya mazao hayo na mahindi ya Kitale ilikuja kuwa na uzito mkubwa. Ngano na mpunga wa kisasa vilifupishwa shina ili visianguke vikipewa mbolea nyingi, na vingi vilikomaa mapema, mtu akapanda mara mbili kwa mwaka. Mahindi ya Kitale yalibaki marefu na ya muda mrefu: panda Machi au Aprili, vuna Oktoba mpaka Desemba. Miezi sita hadi minane ardhi imeshikwa. Ukishavuna mvua imekwisha, na ukingoja mvua irudi, ni zamu ya mahindi tena. Kubadilisha mazao kukafutika kwenye kalenda bila mtu yeyote kuamua hivyo.

Jambo jingine: ardhi yenyewe ilikuwa mpya. Sehemu kubwa ya nyanda hizo ilikuwa nyasi na misitu iliyofunguliwa miongo michache tu nyuma, au kipande kilicholimwa kikapumzishwa. Mboji ilikuwa imejaa. Mbegu nzuri ikakutana na akiba ya karne nyingi, na sifa zote zikaenda kwa mbegu. Hesabu ya kilichokuwa kikichotwa chini haikuwa na mtu wa kuisoma.

Na mbegu haikuja peke yake. Ilikuja na mbolea yenye bei ya kubebwa na serikali, bwana shamba wa kata mwenye pikipiki na mafuta, mkopo wa msimu, na mnunuzi wa uhakika. Tanzania hata ilikuwa na bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, mtu wa Sumbawanga akalipwa sawa na wa karibu na Dar es Salaam. Mageuzi ya uchumi yalipofika, ruzuku ya mbolea Tanzania ilipunguzwa hatua kwa hatua kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kufikia katikati ya muongo huo ilikuwa imekwisha. Kenya nayo ikafungua soko. Kile kifurushi kikachanika, na kila kisichoweza kuuzwa juu ya kaunta kikaanguka. Ushauri ukaanguka, upimaji wa udongo pia, na chokaa na samadi ambazo hazikuwahi kuwa na mtetezi mwenye duka. Vikabaki viwili vyenye muuzaji: mfuko wa mbegu na mfuko wa DAP. Madhara mengi ya kilimo hiki tunayoyaona leo, kwa maoni yangu, yametokana na hilo: tulirithi nusu ya ufundi, ile nusu yenye risiti.

DAP yenyewe huandikwa 18-46-0. Nambari ya kwanza ni naitrojeni, ya pili fosfeti, ya tatu potashi, yaani potasiamu. Naitrojeni yake yote ni ya amonia. Ikikuta unyevu na joto, bakteria wa udongo huigeuza kuwa naitreti ndani ya wiki chache, na kila chembe ya amonia inayogeuzwa huachia chembe mbili za haidrojeni. Haidrojeni hiyo ndiyo tindikali. Mmea ukiinywa naitreti yote, sehemu ya tindikali hufutika. Lakini mvua kubwa ya Aprili na Mei huiosha naitreti kwenda chini kabla mizizi michanga haijaifikia, nayo haiondoki mikono mitupu: hushikana na kalisi na magnesiamu, zikazama pamoja. Juu kunabaki tindikali.

Wataalamu wa mbolea hupima deni hili kwa kilo za chokaa zinazohitajika kulifuta. Mfuko wa kilo 50 wa DAP huacha deni la kilo 35 hivi. Mfuko wa urea, kama 40. Mfuko wa salfeti ya amonia, ile SA, unazidi kidogo 50. CAN, mbolea ya kukuzia, ndiyo yenye huruma, kwa sababu chokaa imechanganywa humohumo kiwandani.

Sasa chukua kalamu. Mfuko mmoja wa DAP kwa ekari, kila mwaka, miaka 30, bila kurudisha hata kiganja cha chokaa: 35 mara 30 ni 1,050. Zaidi ya tani moja kwa ekari, na hapo hujahesabu kalisi iliyoondoka na mahindi na mabua yenyewe. Huhitaji mtu mbaya wala kiwanda chenye hila kufikia hapo. Inatosha kurudia kitu kimoja kizuri kwa muda mrefu.

Tindikali ya udongo hupimwa kwa pH, na kipimo hicho hupanda na kushuka kwa kumi kumi: udongo wa pH 5 una tindikali mara 10 kuliko wa pH 6. Mahindi hustawi kuanzia 5.5 hadi 7. Chini ya 5.5 kinaanza kituko kingine. Aluminiamu, ambayo ni sehemu ya mfinyanzi wenyewe na kwa kawaida imelala humo bila kumdhuru mtu, huanza kuyeyuka. Hushambulia ncha ya mzizi, mahali hasa ambapo seli hugawanyika, na mzizi huacha kurefuka. Ndiyo ile mizizi iliyokata kona: juu kuna mboji kidogo ya kuikinga, chini kuna aluminiamu. Kisha aluminiamu na chuma, vilivyojaa kwenye udongo wetu mwekundu, hukumbatia fosfeti na kutengeneza kitu ambacho mmea hauwezi kukiyeyusha. Mkulima anaona zambarau, anahitimisha mbolea haikutosha, mwaka unaofuata anaongeza DAP. Fosfeti zaidi inafungwa na tindikali inaongezeka.

Maharage huumia kabla ya mahindi, na hapo ndipo mtu makini angeshtuka mapema. Bakteria wa vinundu vya mizizi yake hawapendi tindikali, na madini ya molibdenamu wanayoyahitaji kukamata naitrojeni ya hewani hufungwa pH ikishuka. Ng'oa mharage unaotoa maua, pasua kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, au vinundu havipo kabisa, mharage huo unakula naitrojeni ya shambani kama mgeni mwingine yeyote.

Kuna kundi linalosema mbolea za viwandani ni sumu, turudi kwenye samadi tu. Nalielewa, ila hesabu zake hazifungi. Magunia 20 huondoa karibu kilo 27 za naitrojeni kwenye punje peke yake. Kuzipata kwa samadi unahitaji tani 2 hadi 3 za samadi kavu iliyotunzwa chini ya kivuli, na hata hiyo hutoa sehemu tu ya naitrojeni yake mwaka wa kwanza. Mwenye ekari moja na ng'ombe mmoja hana hiyo. Kenya ilihesabu watu milioni 8.6 mwaka 1962 na milioni 47.6 mwaka 2019, na ardhi haikuzaa watoto. Kundi la pili linasema ongezeni mifuko. Nalo lieleze kwa nini, baada ya miongo sita ya mbegu chotara, wastani wa mahindi Kenya umezungukazunguka tani 1.5 hadi 2 kwa hekta, ilhali mbegu hizohizo zikitunzwa zinazidi tani 6.

Kuirudisha chokaa

Kazi huanza baada ya mavuno, wakati mashamba ya watu yamekaa tu. Kwanza sampuli. Tumia ndoo ya plastiki, si ya bati, maana bati limepakwa zinki na litaidanganya maabara. Tembea shambani kwa mwendo wa nyoka, chimba sehemu 15 hadi 20 kwa ekari au mbili zinazofanana, kila shimo sentimita 20 kwenda chini, na ukate kipande chembamba cha ukuta wa shimo kuanzia juu hadi chini. Epuka kichuguu, mahali pa boma la zamani, palipochomwa taka, na mstari wa mbolea ya mwaka jana. Changanya ndoo nzima, mwaga kwenye turubai safi, gawa mara nne, tupa pande mbili, rudia mpaka ibaki nusu kilo. Anika kivulini. Kukausha jikoni au juani kali hubadilisha majibu. Omba wapime pH, aluminiamu, fosforasi, potasiamu, kaboni na zinki. Kipimo cha pH peke yake kitakuambia una homa, hakitakuambia ya nini.

Chokaa inayotakiwa ni jiwe la chokaa lililosagwa, kama la Koru upande wa Kisumu au la Songwe kule Mbeya. Ishike mkononi: iwe laini kama unga wa ngano. Ikiwa na chenga kama mchanga wa kujengea, itakaa miaka kabla ya kuyeyuka. Usiichanganye na ile ya kupakia kuta, iliyochomwa. Hiyo huunguza ngozi na macho, na hurusha pH kwa ghafla. Kama kipimo kinaonyesha magnesiamu iko chini, tafuta ya dolomiti.

Kwa udongo wa mfinyanzi wenye pH karibu na 5, kiwango kinachotumika sana ni tani 2 kwa hekta, yaani kilo 800 kwa ekari, mifuko 16. Hiyo ni gramu 200 kwa mita ya mraba. Njia rahisi ni kupima kilo 2 kwenye mzani mara moja, kuzitia kwenye kopo na kuweka alama zilipofikia. Kopo hilo ni la mita 10 za mraba, na kamba mbili zenye mafundo zitakuonyesha eneo. Mwaga asubuhi kabla ya upepo, ukiwa umefunga kitambaa puani, kisha lima na kupiga haro ichanganyike hadi sentimita 15. Iache mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kupanda, lakini kumbuka kwamba miezi hiyo haihesabiwi udongo ukiwa mkavu kama unga. Bila unyevu chokaa hulala tu.

Makosa ni yaleyale kila mahali. La kwanza, kuchanganya chokaa na DAP, urea au samadi mbichi siku moja ili kuokoa vibarua: harufu kali inayokupanda puani ni naitrojeni uliyoinunua ikienda zake. La pili, kuitia kwenye shimo la mbegu kama mbolea. Mzizi utafurahi sentimita 5 za kwanza kisha utakutana na aluminiamu ileile. Asiyemudu mifuko 16 afadhali aweke kidogo kwenye mfereji wa mstari mzima, autifue, na arudie kila msimu. La tatu, kuzidisha. Mtu akiona imesaidia anaweka maradufu, pH inapita 7, zinki inafungwa. Utaijua kwa mistari mipana myeupe kwenye majani machanga, pande zote mbili za uti wa kati, kuanzia chini ya jani. La nne ni kukata tamaa: mwaka wa kwanza tofauti huwa ndogo, wa pili ndiyo huonekana, na nguvu yake hudumu miaka mitatu au minne.

Halafu kuna ugumu usio wa kilimo. Mifuko 16 inahitaji pikapu, DAP hufungwa nyuma ya bodaboda. Mwenye duka akijaza stoo yake mawe ya bei ya chini, faida yake iko wapi? Ndiyo maana unaweza kuzunguka maduka matano kwenye mji mmoja wa mahindi na chokaa usiione.

Nambari ya tatu

Rudi kwenye mfuko: 18-46-0. CAN ni 26-0-0. Urea 46-0-0. Mkulima anayepandia DAP na kukuzia CAN au urea hajawahi, hata siku moja, kuweka potasiamu shambani mwake. Kwa muda mrefu haikuwa tatizo, kwa kuwa udongo wa volkano ulikuwa nayo nyingi, na punje hazibebi nyingi. Kwenye mahindi, potasiamu hukaa kwenye mabua. Na mabua siku hizi yanakwenda wapi? Kwa ng'ombe wa maziwa waliofungiwa zizini, mara nyingi ng'ombe wa jirani, kwa pesa. Tani moja ya mabua makavu huondoka na kilo 10 hadi 15 za potasiamu. Anayeuza mabua anauza mbolea asiyoijua bei.

Dalili zake: majani ya chini yanaungua kingoni kuanzia ncha, katikati yakibaki kijani. Mashina hulala kabla ya kuvuna, na magunzi hubaki matupu nchani. Upepo ndio hulaumiwa. Majivu ya jikoni yana potasiamu na hupunguza uchachu pia, ila yatawanywe, yasimwagwe chungu moja. Mabua yakienda zizini, samadi irudi shamba lilelile yalikotoka, si kwenye migomba nyuma ya nyumba tu. Vinginevyo pandia mbolea yenye nambari tatu, kama 17-17-17, angalau mwaka mmoja kati ya miwili.

Kuhusu mbegu sitasema mengi. Mbegu chotara ukirudia kupanda punje zake, kizazi cha pili hupoteza hadi nusu ya ile nguvu ya ziada iliyoletwa na kuchanganya wazazi, na mimea hutoka mirefu kwa mifupi. Chotara ya wazazi wawili tu huanguka vibaya zaidi kuliko ya wazazi watatu au zaidi. Hasara ya kudumu ni ile isiyoonekana: wimbi na mtama vilirudi nyuma, kwa sababu wimbi linadai palizi ya vidole na kufukuza ndege, na hakuna aliyelitengea maabara kama ya Kitale. Shamba la zao moja likakaribisha wageni wake. Mwaka 2011 huko Bomet mahindi yalianza kukauka kuanzia juu yakiwa bado mabichi, ugonjwa wa virusi viwili vinavyoshirikiana, na ushauri uliosaidia ulikuwa wa kale kabisa: msimu mmoja au miwili bila mahindi. Ushauri huo mtu wa H614 anausikiaje, ilhali mahindi ndiyo kalenda yake nzima?

Ghala nalo lilibadilika. Mahindi ya kienyeji mengi yalikuwa na punje ngumu kama kokoto na maganda yaliyofunika gunzi mpaka nchani, na yalining'inizwa juu ya moshi wa jiko. Chotara nyingi zina punje laini zenye kibonyeo, na gunzi kubwa lililochungulia nje ya ganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaonekana Tabora mdudu kutoka Amerika ya Kati, na mwaka 1983 akavuka hadi Taveta: dumuzi, ambaye baadaye Wakenya walimbatiza Osama. Alikuta meza imeandaliwa. Hutoboa punje mpaka gunia linabaki unga na ganda, tena ndani ya miezi michache. Mifuko isiyopitisha hewa humuua kwa kumnyima pumzi, ila mahindi yakiingia na unyevu hayo hayatakuwa mahindi tena. Kausha yafike asilimia 13. Kama huna mashine, tumia chumvi: chupa kavu ya kioo, punje hadi robo, kijiko kimoja au viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, tuliza. Chumvi ikishika ukutani, unyevu umezidi 15, rudisha juani. Ukungu wa sumukuvu hauchezewi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui wakiongoza, kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu.

Kwingineko deni limedaiwa kwa njia nyingine. Punjab ya India ilipokea ngano ya Mexico, sehemu ya tani 18,000 za mbegu zilizoagizwa mwaka 1966, kisha ikaongeza mpunga, zao lisilo la asili yake, kwa maji ya visima vya pampu. Maji yakashuka. Mwaka 2009 sheria ikakataza kupandikiza mpunga kabla ya Juni 10 ili kuokoa maji. Mpunga ukachelewa kuvunwa, siku za kuandaa ngano zikabaki chache, wakulima wakachoma mabua ili wawahi, na moshi huo ndio unaochangia kuifunika Delhi kila Novemba. Ukisoma mlolongo huo utaona hakuna aliyefanya upuuzi. Kila mmoja alitatua tatizo lililokuwa mbele yake.

Sisi tuliwahi kukaribia dawa tukaikataa kwa sura. Vocha za pembejeo za Tanzania, zilizoanza mwaka 2008, zilimpa mkulima nusu ya bei ya mbegu na mbolea za ekari moja, na kwa mbolea ya kupandia mtu angeweza kupewa DAP au fosfeti ya Minjingu, jiwe linalochimbwa Manyara. Minjingu ina kalisi nyingi, na huyeyuka vizuri hasa kwenye udongo wenye uchachu. Lakini ilikuwa unga: ilipeperuka, ikachafua nguo, na mahindi hayakuwa kijani haraka kama ya jirani wa DAP. Wengi wakaona wamepunjwa. Baadaye ilitolewa ya chenga chenga, ila sifa ilikuwa imeshaharibika. Kenya ilishusha bei ya mfuko wa ruzuku hadi shilingi 3,500 mwaka 2022 na 2,500 mwaka uliofuata, foleni zikajaa. Mfuko wa bei nafuu ni msaada wa kweli kwa mwenye njaa ya msimu huu. Kwa udongo wa pH 4.8, ni haraka zaidi kuelekea palepale.

Usiyeamini haya, wala huhitaji kuamini, jaribu kwenye kona moja. Pima mistari minne ya mahindi, sentimita 75 kati ya mstari na mstari, urefu wa mita 10. Hilo ni eneo la mita 30 za mraba. Miezi miwili kabla ya kupanda, wakati udongo una unyevu, mwaga humo kilo 6 za chokaa na uchanganye. Pembeni yake acha mistari mingine minne bila chokaa. Panda siku moja, mbegu ileile, sentimita 30 kati ya shimo na shimo, na DAP ileile, gramu 3 kwa shimo, karibu nusu ya kizibo cha soda. Palilia siku moja. Wakati wa kuvuna acha mistari ya pembeni, vuna miwili ya kati ya kila upande, kausha, pukuchua, pima. Mistari miwili ni mita 15 za mraba, na kila kilo moja ya tofauti kati ya pande hizo mbili ni magunia 3 ya kilo 90 kwa ekari. Rudia mwaka wa pili bila kuongeza chokaa. Tumia vigingi vya chuma kuweka mipaka, kwa maana vya mti mchwa watavimaliza kabla ya mavuno, au mtu atavibeba akawashie jiko.